Jumanne, Sahani Zilirudi Safi

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya kabati la vitambaa, mkono mmoja na tambara la vumbi, mkono mwingine na kitambaa cha mtu ambaye sikutaka kumwona tena maishani.

Kwa wale mlioikosa safu yangu gazetini: mimi ni Annick Quéméner, mpishi. Mimi na mume wangu Hervé tuna mgahawa hapa Chicago, meza kumi na nne, tumeupa jina la marehemu mama yangu, Philomène. Mimi jikoni, yeye mbele kwa wateja. Mwaka huu unatimia wa kumi na tisa.

Ukutani karibu na baa tuna kabati la droo ishirini na nne, kila droo na namba yake ya shaba. Mteja akila kwetu miaka mitatu anapewa droo yake, na ndani yake kitambaa chake cha mezani. Akimaliza kula anakikunja anavyojua mwenyewe, anakirudisha. Droo haiombwi wala hainunuliwi. Mwenyewe akifa, inakaa tupu mwaka mzima. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mgahawa wa mjomba wangu kule kwetu Gourin, Ufaransa, na ndivyo nilivyotaka iwe hapa.

Namba tisa ilikuwa ya Bi. Abernathy, tuliyemzika Januari. Ilipaswa kuwa tupu. Jumatatu nikaifungua nifute vumbi, nikakuta kitambaa kilichotumika, kina doa la mchuzi, kimekunjwa pembe mbili ndani na mkia umechomekwa katikati.

Mkunjo huo walikuwa wanaujua watu watatu tu. Mama, ambaye hayupo. Mimi. Na mdogo wangu Soazig, ambaye hatujasemezana miaka tisa.

Soazig anakaa Milwaukee, saa moja na nusu kwa treni. Sababu ya ugomvi wetu niliwaeleza wiki ya tatu na sikujitetea: tulipotoka kumzika Mama niliondoka na sufuria yake nzito ya chuma, nimeizungushia koti ndani ya sanduku, wakati tulikuwa tumekubaliana kwamba ni ya Soazig. Naam, niliiba. Na tangu siku ile ninaipikia.

Sasa mwizi mwenyewe nikawa nimeibiwa mume. Maana siku zote niko pale mgahawani isipokuwa Jumapili, ambapo tunafunga, na Jumanne.

Na hiyo Jumanne nilipewa na nani? Na Hervé. Tangu Machi alinibembeleza: "Mke wangu, utajiua kwa kazi. Jumanne kaa nyumbani, Eusebio atapasha moto ulichopika Jumatatu." Eusebio ni msaidizi wangu jikoni, tuko naye mwaka wa kumi na mbili. Nikaona napendwa. Nikampigia simu hata wifi yangu kujisifu nina mume wa namna gani.

Sikumwuliza kitu. Jumanne asubuhi nilikaa kitandani nimejifunika hadi shingoni.

"Leo utafanya nini?" akauliza huku akifunga vifungo vya shati.

"Nitalala."

"Vizuri. Lala sana." Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake.

Nililala dakika ishirini. Kisha nikavaa gauni la bluu, nikapaka rangi ya mdomo, nikavaa viatu vya kisigino. Kama nilikuwa naenda kumfumania mume wangu na mdogo wangu, sikutaka wanikute nimevaa viatu vya jikoni.

Saa sita na robo nikasukuma mlango wa mbele. Miaka yote hiyo naingilia mlango wa nyuma, kwenye mapipa. Sikujua hata kwamba ule wa mbele una kengele.

Mgahawa ulikuwa umejaa.

Jumanne! Siku iliyokuwa ya kukimbiza nzi! Alhamisi iliyopita, siku yangu mimi, tulikuwa na meza tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa za watalii waliopotea.

Colleen, mhudumu wetu, alikuwa amebeba trei ya supu. Ikayumba.

"Mama Annick! Leo... leo si Jumanne?"

"Ni Jumanne. Nimekuja kula."

"Kula? Hapa?"

"Kwani siku hizi mnauza viatu?"

Nikapita katikati ya meza, natazama sura moja baada ya nyingine. Bi. Lindqvist, droo namba kumi na moja, mwezi wa nne aliniambia daktari amemkataza siagi na krimu. Alikuwa ameinamia sahani anaifuta kwa kipande cha mkate, hadi ua lililochorwa katikati linaonekana. Bwana Tedesco, ambaye Hervé aliniambia amehamia Arizona kwa ajili ya mapafu yake, aliponiona akajificha nyuma ya menyu. Menyu yetu ni karatasi moja. Masikio yake yote mawili yalikuwa nje.

Niwaambie kitu kuhusu kazi hii. Mpishi wa kwetu hasikilizi sifa, anasoma sahani. Sahani ikirudi jikoni imefutwa kwa mkate, umeshinda. Ikirudi na mchuzi, umeshindwa, hata kama mteja ameacha ua na busu. Sahani zangu zilianza kurudi na mchuzi mwisho wa Februari. Nikawalaumu Waamerika na tamaa yao ya kukonda.

Na sasa hapa, mezani kote, sahani zilikuwa zinang'aa.

Nilivuta kiti kwa Mzee Pruitt, dirishani. Huyu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Droo yake ni namba tatu, na amekula kwetu tangu wiki ya kwanza tulipofungua.

"Mama Annick," akasema, "umependeza."

"Mzee Pruitt, wewe ulikuwa unakuja kila siku."

"Umri, mama. Miguu."

"Miguu inakuruhusu Jumanne tu?"

Akatazama ndani ya glasi yake kana kwamba jibu limezama humo.

Hervé akatokea. Alikuwa anatabasamu kwa wateja, na tabasamu likabaki usoni kwa mazoea hata baada ya kuniona.

"Annick. Unaumwa?"

"Nina njaa."

"Nyumbani kuna chakula."

"Nyumbani hakuna droo namba tisa."

Rangi ikamtoka. Akachukua glasi mbili, akamimina mvinyo. Akainua yake. "Basi karibu, mke wangu," akasema, akaigonga kwenye yangu.

Hakunitazama machoni.

Kwetu hilo halifanywi hata kwa bahati mbaya. Kugonganisha glasi bila kumtazama mwenzako ni kumtakia miaka saba ya kitanda baridi. Hervé amewahi kunikosea mengi, lakini hilo hajawahi, hata siku tuliyogombana kwenye harusi yetu wenyewe mbele ya kasisi.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Usinichezee, Hervé. Soazig. Unamkalisha meza gani? Ile ya pembeni, yenye mshumaa?"

"Soazig?" Akashusha glasi. "Annick, Soazig hakai meza yoyote."

"Kitambaa chake nimekishika kwa mikono hii!"

"Anakula akishamaliza," akasema kwa sauti ndogo.

"Akishamaliza nini?"

Colleen akafika na sahani mbili, moja ya Mzee Pruitt, nyingine yangu. Aliziweka mezani akakimbia.

Nyama ya ndama kwenye mchuzi mweupe. Chakula cha Mama, chakula kilichoujaza mgahawa huu. Nyama, uyoga, vitunguu vidogo. Na karoti. Nilizitazama karoti vizuri. Zote zilikuwa nzima, na kila moja imeachiwa kikonyo chake cha kijani.

Mama alikuwa anaacha kikonyo. Mimi nilikuwa nakikata, naona ni ushamba. Soazig hakuwahi kukikata.

Mdogo wangu hakuwa mezani na mume wangu. Alikuwa kwenye jiko langu, mbele ya sufuria yangu.

Wasomaji wangu, nisemeje? Nilitoka nyumbani nimejipanga kupambana na hawara. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mengine hayaandikiki gazetini. Hawara ningemvuta nywele, ningevunja sahani mbili, jioni ningekuwa nimeshalia na kunywa chai. Lakini hili la kuwekewa mtu kwenye jiko langu, kwa siri, na kila mtu akala akashiba, sikuwa nimelijengea ukuta popote moyoni. Liliingia moja kwa moja.

Mzee Pruitt alikuwa ameshaanza kula. Maskini, hakuweza kujizuia. Alifumba macho.

"Kama zamani," akasema.

"Zamani ipi?"

Akafumbua macho. Kijiko kikabaki hewani.

"Zamani ipi, Mzee Pruitt?"

"Kabla ya... mama, mimi ni mzee, usinibane."

"Kabla ya nini?"

Nikachukua uma, nikachoma nyama, nikaichovya kwenye mchuzi, nikaiweka mdomoni mbele yao wote wawili. Nikatafuna.

Hakukuwa na kitu.

Hapa ndipo ninapowaomba radhi. Kuna jambo nimewaficha hata ninyi, kwa wiki zote hizi ninazowaeleza maisha yangu. Ile homa ya Februari niliyoitaja kwa juu juu tu, iliondoka na kitu changu. Niliamka siku ya tano, nikanywa kahawa, nikadhani Hervé amenipa maji ya moto. Nikaonja chumvi, ikawa mchanga. Nikaonja sukari, ikawa mchanga uleule. Nikanusa kitunguu kilichokatwa, pua kimya. Daktari alisema itarudi. Haijarudi.

Nilimkataza daktari asimwambie Hervé. Nikapika kwa kukumbuka. Mikono yangu inajua chumvi kiasi gani, nilijiambia, macho yangu yanajua mchuzi ukiiva. Nikaonja mbele ya Eusebio kila siku, nikatikisa kichwa, nikasema "bado kidogo", kama mtu anayesoma gazeti amelishika juu chini. Nilidhani hakuna aliyejua.

Nikaweka uma.

"Ulijua lini?" nikamwuliza Hervé.

"Machi."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia. Nilikuambia chumvi imezidi. Ulinirushia mwiko."

"Ulisema chumvi, Hervé. Hukusema Soazig!"

"Ningesemaje? Wateja walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Nikaandika barua Milwaukee. Nikamwomba siku moja tu kwa wiki, watu wakumbuke. Nilitaka ukirudi kuwa sawa, ukute mgahawa wa mama yako bado una watu."

"Na hawa?" Nilinyoosha kidole mezani kote, sikujali tena. "Na hawa wanajua?"

Ukimya wa watu arobaini wanaotafuna polepole una sauti yake. Bi. Lindqvist alikuwa anafuta midomo ambayo ilikuwa tayari safi.

"Hatukutaka kukuumiza, mama," akasema Mzee Pruitt.

"Mkaona heri mnizunguke."

"Tulikuwa tunakuja na siku zako pia. Mara mojamoja."

"Kunihurumia."

"Kukupenda," akasema. Afadhali angenitukana. Watu niliowapikia siku za harusi zao na misiba yao, watu niliowapa droo, walikuwa wamekaa kikao juu ya ulimi wangu, wakapitisha uamuzi, na mimi peke yangu sikualikwa. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele yao na kila mmoja anageuza uso kwa adabu.

Nikasimama. Hervé akanishika mkono.

"Annick, si sasa. Kuna wateja."

"Ni wateja wa nani?"

Nikauvuta mkono wangu, nikaelekea jikoni. Viatu vya kisigino kwenye vigae vya jikoni havifai, niliteleza mlangoni nikashika fremu. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyoniona baada ya miaka tisa, nimening'inia kwenye mlango.

Alikuwa ameota mvi. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono imekuwa kama ya Mama. Sufuria ya chuma ilikuwa mbele yake, na kwa muda sikujua nitazame kipi kwanza, yeye au sufuria.

"Bado unaingia jikoni kama polisi," akasema Soazig.

"Na wewe bado unaingia nyumba za watu bila hodi."

"Nilibisha hodi. Mume wako ndiye aliyefungua."

Aproni yangu ilikuwa kwenye msumari wake. Nikaitwaa, nikaivaa juu ya gauni la bluu, nikafunga fundo kwa nyuma. Eusebio alikuwa kwenye ubao na kisu chake. Hakuinua macho.

"Toka kwenye jiko langu," nikasema.

"Nitatoka."

"Sasa hivi."

"Sasa hivi, dada. Sikuja kukupora. Ningetaka kukupora ningeanza na sufuria, iko hapa miezi yote hii na sijaigusa ila kuipikia. Lakini wewe ndiye mkubwa. Nionjee kitu kimoja, uniambie kimepungukiwa nini. Ukiniambia sawasawa, navua aproni, utanisikia nimeshapanda treni."

"Soazig, usifanye hivyo." Hiyo ilikuwa sauti ya Hervé, amefika mlangoni nyuma yangu.

"Mwache," nikasema. "Nipe."

Alichota kutoka kwenye sufuria ndogo iliyokuwa pembeni ya jiko. Nilitazama kijiko kwa makini, macho ndiyo niliyobaki nayo. Mchuzi ulikuwa mzito, laini, una rangi ya manjano ya mbali ya viini vya mayai, umeshika mgongo wa kijiko vizuri. Mchuzi wa ndama ukiwa tayari kupakuliwa huwa hivyo hasa. Nimeutengeneza maelfu ya mara.

Nikauweka mdomoni. Ulikuwa vuguvugu. Zaidi ya hapo sikupata kitu.

Nikafumba macho nionekane ninafikiri. Kweli nilikuwa ninafikiri. Soazig tangu utotoni anaogopa limau, Mama alikuwa anamgombeza kwa hilo. Na chumvi huwa anaibania. Sikuhitaji ulimi kumjua mdogo wangu.

"Limau," nikasema. "Umeibania limau kama kawaida yako. Na chumvi, kidogo."

Kisu cha Eusebio kilisimama.

Nikafumbua macho nikiwa tayari kushangilia, nikamwona Eusebio anatazama sakafu. Soazig hakuwa anacheka. Laiti angecheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama siku ile kaburini.

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa mezani nyuma yake. Bakuli sita za kioo, na ndani ya kila bakuli bonge jeupe la ute wa mayai uliopigwa hadi kuwa povu. Kitindamlo cha siku. Mabonge yalikuwa makavu, yanasubiri kumwagiwa krimu yake ya sukari na vanila, ambayo hupikwa kwa viini vya mayai, kwenye sufuria ndogo, pembeni ya jiko.

Nilikuwa nimetaka kutia limau na chumvi kwenye krimu ya sukari.

"Dada," akasema Soazig, "kwa nini hukuniita wewe mwenyewe? Ningekuja kwa miguu."

Nilikuwa bado nimeshika kijiko. Na nikiwa nimesimama hivyo nikahisi vidole kiunoni, kwa nyuma, vinanifungua fundo la aproni. Vidole ninavyovijua. Vilikuwa vinafungua polepole, kwa upole, kama anayemvua mtoto koti.

"Inatosha, mke wangu," Hervé akaninong'oneza. "Kapumzike."

Nikaidaka kamba. Akavuta. Nikavuta.

Dirisha la kupitishia chakula likafunguka, Colleen akaingiza kichwa bila kujua kinachoendelea, akaita kwa sauti yake ya kila siku: "Ndama wanne, meza ya sita!"

Sote tuliganda tulipo. Sufuria ya Mama ilikuwa inachemka taratibu. Eusebio akajifuta mikono, akapanga sahani nne, akachukua upawa.

"Shefu," akauliza, "nipakue?"

Kwa miaka kumi na miwili ni mimi tu niliyeitwa hivyo jikoni mle. Nikafungua mdomo nimjibu, kisha nikaona macho yake. Alikuwa anamtazama Soazig.